Siri ya Agosti na Jenerali Aliyefungwa

Tarehe 1 Agosti 1982 ilikuwa Jumapili. Mukumu, kando ya barabara ya kutoka Kakamega kwenda Kisumu, Jumapili imekuwa siku ya kengele na misa tangu wamisionari wa Mill Hill wafungue misheni yao mwaka 1906. Aliyewasha redio alfajiri ile kusikiliza Sauti ya Kenya alikuta muziki wa kijeshi, kisha sauti ambayo nchi nzima iliijua bila kutajiwa jina: Leonard Mambo Mbotela. Alisoma kwamba serikali ya Rais Daniel arap Moi imepinduliwa, kwamba wanajeshi wameshika nchi, kwamba wananchi wasitoke majumbani na polisi wajihesabu kuwa raia wa kawaida. Mbotela, mwana wa James Mbotela aliyeandika Uhuru wa Watumwa, hakuwa mpinduzi. Askari walimtoa nyumbani kwake usiku wakamtia studio asome walichotaka wao, bunduki zikiwa karibu.

Habari ile iliwagusa watu wa Isukha na Idakho, wenyeji wa sehemu hizo za Kakamega, kuliko ambavyo umbali wa Nairobi ungefanya mtu adhani. Magharibi mwa Kenya kumetoa askari tangu enzi za King's African Rifles. Vijana walimaliza shule, wakapimwa kifua na meno kwenye viwanja vya kuandikisha makurutu, wakaenda. Jeshi la Wanahewa ndilo lililowavutia waliosoma, kwa sababu lilihitaji mafundi wa mitambo, wa redio na wa rada. Kwa hiyo mzazi aliyekuwa na mwana katika kambi za wanahewa za Eastleigh au Nanyuki hakuwa na la kujiuliza juu ya siasa siku ile. Alijiuliza kama mwanawe yu hai, na kama yu hai, yuko upande gani. Jibu la swali la pili ndilo lililochelewa, na kwa wengine lilikuja kwa njia ya mahakama ya kijeshi.

Nataka kusimulia habari za mahakama hizo, na hasa kesi ya mtu mmoja, Meja Jenerali Peter Mwagiru Kariuki, kamanda wa Jeshi la Wanahewa. Wengi wanaposimulia Agosti 1982 humtaja Hezekiah Ochuka, praiveti aliyeongoza nchi kwa saa chache. Ochuka anastahili kutajwa. Lakini kesi ya Kariuki ndiyo inayouliza swali gumu zaidi la mwaka ule: siri ilikuwa mikononi mwa nani, na nani alilipa gharama ya kuifahamu?

Mpango wenyewe haukufichwa vizuri. Waliokuwa wakiupanga walikuwa askari wa vyeo vya chini, Ochuka na Pancras Oteyo Okumu wakiwa mstari wa mbele, na mpango wa watu wengi wa kambi moja ni vigumu kuuficha. Ulivuja. Waliokuwa karibu na serikali wamesimulia mara nyingi kwamba idara ya ujasusi iliyoongozwa na James Kanyotu ilikuwa na majina kabla ya siku yenyewe, kwamba Rais aliarifiwa mwishoni mwa Julai, na kwamba uamuzi ulikuwa kuwaacha wakuu wa jeshi washughulikie watu wao wiki itakayofuata. Wapangaji nao hawakungoja wiki ifuatayo. Sehemu kubwa ya jeshi la nchi kavu ilikuwa mbali, Turkana, katika mazoezi ya vita upande wa Lodwar. Usiku wa kuamkia Jumapili wakafungua maghala ya silaha.

Kilichofuata Nairobi kinajulikana, na nitakipita haraka. Waasi waliteka kambi ya Eastleigh, uwanja wa ndege na kituo cha redio. Maduka yakavunjwa, hasa ya Wahindi, wanawake wakanajisiwa, waliokufa, askari na raia, walipita mia. Meja Jenerali Mahmoud Mohamed, wakati huo naibu kamanda wa jeshi la nchi kavu, aliongoza kikosi kidogo kikakitwaa tena kituo cha redio. Sauti ya Mbotela ikarudi hewani, safari hii ikisema Moi bado ni Rais. Moi mwenyewe, aliyekuwa nyumbani kwake Kabarak, alirudi Nairobi siku hiyohiyo akisindikizwa.

Kule Nanyuki kulikuwa na tukio ambalo napenda lisimuliwe polepole, maana linaonyesha jinsi nchi ilivyokuwa ikining'inia kwenye uzi. Koplo Bramwel Injeni Njereman aliwalazimisha marubani watatu, Meja David Mutua, Kapteni John Mugwanja na Kapteni John Baraza, kurusha ndege za kivita zilizofungwa mabomu. Walitakiwa kwenda kuipiga Ikulu na makao makuu ya kikosi cha polisi cha GSU Nairobi, naye akapanda pamoja nao kuhakikisha. Marubani walijua jambo moja ambalo koplo hakulijua: mwili ambao haujawahi kuruka kwa ndege ya kivita hauwezi kustahimili mizunguko yake. Wakaipinda ndege, wakaipandisha na kuishusha kwa nguvu hadi mtu aliyekuwa akitoa amri akalemewa. Mabomu yakaangushwa katika msitu wa Mlima Kenya. Laiti yangefika yalikotumwa, watu wangapi Nairobi wangekufa kabla ya saa sita mchana?

Ochuka na Okumu walikimbilia uwanjani, wakamlazimisha rubani kuwapeleka Dar es Salaam kwa ndege ya Buffalo. Tanzania iliwaweka. Kenya iliwataka. Mpaka wa nchi hizi mbili ulikuwa umefungwa tangu 1977, na hali ilibadilika tu baada ya Tanzania nayo kupata watoro wake: mwezi Juni 1983 washtakiwa wawili wa njama dhidi ya serikali ya Nyerere walitoroka gereza la Keko wakakimbilia Kenya. Novemba 1983 mpaka ulifunguliwa, na wakati huohuo watoro wa kila upande wakarudishwa makwao. Ochuka na Okumu walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, wakahukumiwa kifo, wakanyongwa katika gereza la Kamiti. Njereman naye alihukumiwa kunyongwa.

Lakini mashine ya kuhukumu ilikuwa imeanza kusaga mapema, mwaka 1982 wenyewe. Jeshi la Wanahewa lilivunjwa lote mwezi Agosti. Lilipoundwa tena liliitwa Jeshi la Wanahewa la '82, chini ya Mahmoud Mohamed, jina likibeba mwaka wa aibu. Wanahewa walikamatwa kwa wingi, karibu 2,000, wenye hatia na wasio nayo, wakatawanywa magerezani na kambini. Wapo waliokuwa likizoni kwao vijijini wakajisalimisha kwa sababu redio iliwataka wafanye hivyo. Wapo walioshika bunduki kwa kuelekezewa bunduki. Kutenganisha hawa na wale ni kazi ya mahakama, na mahakama iliyopewa kazi hiyo ilikuwa ya kijeshi.

Mahakama hii si kama ile ya Kakamega mjini ambako hakimu mmoja huketi na raia akaingia kusikiliza. Maafisa hukaa mezani wakiwa na sare zao, rais wa mahakama katikati, na pembeni mtaalamu wa sheria wa kuwaongoza juu ya ushahidi na taratibu. Majina yao husomwa mbele ya mshtakiwa, naye huulizwa kama ana pingamizi juu ya yeyote kati yao, ndipo wanaapishwa. Wakati wa kuamua, mwenye cheo cha chini kabisa hutoa kauli yake kwanza, kisha wanapanda ngazi hadi kwa mkubwa. Utaratibu huo ulirithiwa kwa Waingereza na una hekima ndani yake: luteni asisikie neno la kanali kabla ya kusema lake. Wanasheria wameusifu, nami nausifu. Hata hivyo, luteni yuleyule aliingia chumbani akijua fika kwamba walioiitisha mahakama ni wakubwa wake wote, na kwamba nje nchi nzima ilikuwa ikisubiri wahaini waadhibiwe. Katika miezi ile wengi walisimama bila wakili. Mamia wakafungwa.

Katikati ya msafara huo wa makoplo na mapraiveti akaja jenerali. Kariuki hakushtakiwa kwamba alipindua serikali. Hakuna aliyesema alikuwa pamoja na Ochuka. Alishtakiwa kwamba alishindwa kuzuia uasi na alishindwa kuuzima. Sheria ya Majeshi ya wakati ule ilimtaka kila askari anayejua kuwa uasi unapangwa, au unaendelea, ajitahidi kwa uwezo wake wote kuukomesha. Kosa hili ni la aina ya pekee. Anayevujisha siri huadhibiwa kwa alichosema, na muasi kwa alichofanya. Hapa mtu anaadhibiwa kwa alichojua na kwa pengo lililobaki kati ya kujua na kutenda. Ushahidi wake wote unahusu vichwa vya watu: nani aliambiwa, lini, kwa maneno gani, na akafanya nini kesho yake.

Na hapo ndipo kesi hii inaponikereketa. Ikiwa masimulizi ya waliokuwa serikalini ni ya kweli, basi kujua hakukuishia kwa kamanda wa wanahewa. Habari zilikuwa zimepanda hadi juu kabisa, na amri ya kuwakamata wapangaji kabla ya Jumapili haikutoka. Kupima kosa la kamanda kwa haki kungehitaji kuwaita na wengine waliojua waeleze walichofanya katika siku zile za mwisho wa Julai. Mwezi Januari 1983 Kariuki alihukumiwa kifungo cha miaka minne, akavuliwa cheo. Mkuu wa polisi, Ben Gethi, alikuwa ameshaondolewa kazini na kuwekwa kizuizini. Hao wawili ndio waliobeba mzigo kwa niaba ya usalama wa taifa uliolala.

Linganisha na yaliyotokea miaka kumi na moja nyuma. Mwaka 1971 njama ya kumpindua Jomo Kenyatta iligunduliwa. Washtakiwa walipelekwa mahakama ya kiraia Nairobi, Mbunge wa Yatta Gideon Mutiso akiwa miongoni mwao, wakafungwa. Jina la Mkuu wa Majeshi, Meja Jenerali Joseph Ndolo, lilitajwa waziwazi katika mambo hayo, na la Jaji Mkuu Kitili Mwendwa pia. Ndolo hakufikishwa mbele ya mahakama yoyote. Alistaafu akaenda shambani kwake Ukambani. Mwendwa akajiuzulu. Jenerali aliyehusishwa na njama alirudi nyumbani. Jenerali aliyeshindwa kuizuia njama alikwenda gerezani. Siamini kwamba tofauti hiyo ilitoka kwenye vitabu vya sheria. Mwaka 1971 serikali ilijiamini na ikataka mambo yatulie. Mwaka 1982 serikali ilikuwa imetishika, na ilitaka ionekane imeng'oa mizizi.

Nyuma zaidi kuna Lanet. Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito, wa Uganda wakafuata Jinja, na usiku wa tarehe 24 kikosi cha 11 cha Kenya Rifles kikaasi Lanet, karibu na Nakuru. Wale nao walikuwa wamekaa kando ya redio. Walitarajia hotuba ya Kenyatta itaje mishahara yao. Ikaisha bila kuitaja, wakaenda kwenye ghala la silaha. Askari wa Kiingereza waliuzima uasi ule, na viongozi wake wakapelekwa mahakama ya kijeshi. Kwa hiyo mwaka 1982 nchi haikuwa ngeni kwa mahakama za namna hii. Ugeni ulikuwa katika wingi wa washtakiwa na ukubwa wa hofu.

Kwa nini askari aliyedhulumiwa katika kesi hizo hakwenda tu kwa majaji akapinga? Aliruhusiwa kukata rufaa Mahakama Kuu, na hapo ndipo mlango ulipofungwa. Uamuzi wa Mahakama Kuu ulikuwa wa mwisho. Kizuizi kikubwa zaidi kilikuwa ndani ya Katiba yenyewe ya zamani. Kifungu cha 86 kilisema kwamba kwa mtu aliye katika kikosi chenye nidhamu, sheria ya nidhamu ya kikosi chake haitahesabiwa kupingana na sura ya haki za binadamu, isipokuwa haki chache: uhai, kutofanywa mtumwa, kutoteswa. Haki ya kusikilizwa kwa usawa haikuwemo katika orodha hiyo. Kwa maneno mengine, kijana aliyeondoka Mukumu akiwa raia mwenye haki zote alizipunguza siku alipovaa sare, na hakuna aliyemsomea kifungu hicho kwenye uwanja wa kuandikisha makurutu.

Magereza ya Kamiti na Naivasha yaliwapokea wanahewa. Wengine walitoka baada ya miezi bila kushtakiwa lolote, wakiwa na barua ya kufukuzwa kazi na bila kiinua mgongo. Vijijini walipokewa kwa minong'ono. Mtu aliyekuwa fundi wa ndege alirudi kulima chai au mahindi, na kila alipoomba kazi, mwaka 1982 ulisimama katika vyeti vyake. Serikali ilikuwa na wengine wa kushughulika nao pia: Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa, na kiongozi wa wanafunzi Titus Adungosi, kijana wa Magharibi kama hawa wetu, alifungwa miaka kumi akafia gerezani. Hadi leo nikisoma habari zake naona hasara ambayo hakuna tume iliyowahi kuihesabu.

Mambo yalianza kugeuka serikali ilipobadilika mwaka 2002. Waliokuwa wanahewa wakaanza kwenda Mahakama Kuu, mmoja mmoja na kwa vikundi, wakidai fidia kwa kuzuiliwa na kuteswa. Baadhi walishinda. Wengine waliambiwa wamechelewa mno, kana kwamba mtu angemshtaki Moi akiwa bado Ikulu na akarudi nyumbani salama. Kariuki naye, akiwa mzee sasa, aliwasilisha malalamiko yake kama raia.

Mwaka 2010 ukaja na Katiba mpya, ambayo ilibadilisha msingi wa jambo hili. Ibara ya 169 imeitaja mahakama ya kijeshi kwa jina na kuiweka miongoni mwa mahakama za chini, pamoja na zile za mahakimu na za makadhi. Ibara ya 24 bado inaruhusu sheria kubana baadhi ya haki za wanajeshi, lakini ibara ya 25 inaitoa haki ya kesi ya usawa katika zile zinazoweza kubanwa. Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya 2012 iliandikwa juu ya msingi huo. Askari anayeshtakiwa leo, awe ametoroka kambi au ametoa siri ya kazi, anaingia katika mahakama ambayo majaji wa Mahakama Kuu wana mamlaka ya kuichungulia.

Hilo halina maana kwamba ukali umekwisha. Aprili 2014, katika kambi ya Jeshi la Wanamaji ya Mtongwe, Mombasa, mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifungo cha maisha mabaharia 26 wa zamani kwa kutoroka jeshi. Walikuwa wameondoka miaka ya 2007 na 2008 wakaenda kufanya kazi za ulinzi na kampuni za Marekani huko Iraki na Afghanistan, ambako mshahara ulikuwa mara nyingi zaidi ya ule wa Mtongwe. Wao walidai walikuwa wameomba kuacha kazi. Kifungo cha maisha kwa baharia aliyefuata mshahara! Wakakata rufaa, nao mawakili wao walikuwa na Katiba mkononi ambayo wanahewa wa 1982 hawakuwahi kuwa nayo.

Mwaka huohuo wa 2014, Mahakama ya Rufani ilitoa uamuzi katika shauri la Peter Kariuki dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Mahakama Kuu ilikuwa imekubali kwamba haki zake zilivunjwa na kumpa fidia ya shilingi milioni 7. Majaji wa Rufani walitazama jinsi alivyozuiliwa na jinsi alivyohukumiwa, wakaona kiasi hicho hakitoshi, wakakipandisha hadi milioni 15. Miaka 31 ilikuwa imepita tangu hukumu ya Januari 1983. Baadhi ya waliomhukumu walikuwa wameshakufa, na wengi wa waliokuwa wakijua siri ya Julai walikuwa wameshakufa pia bila kuulizwa chini ya kiapo walichokijua.

Jenerali alikuwa na mawakili, umri mrefu na subira. Praiveti aliyefungwa siku zilezile, aliyerudi Shinyalu au Khayega bila pensheni na bila nauli ya kwenda Nairobi kufuatilia faili lake, alihitaji vyote vitatu ili afike pale Kariuki alipofika. Kumbukumbu za kesi zile bado ni mali ya serikali. Zifunguliwe, na kila aliyehukumiwa, au watoto wake, waruhusiwe kusoma kilichosemwa juu yake katika chumba kile.